Gauni la Kompyuta

Wahenga wetu hawakuwahi kuketi mbele ya kompyuta, wala hawakuwahi kufukuzwa shuleni kwa ajili yake. Hata hivyo walituachia usemi wa kututosha: kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake ni kwamba anayekudhuru mara nyingi hatoki mbali. Yumo nyumbani mwako, anakula sahani moja nawe, na pengine ndiye anayekutandikia kitanda. Lakini binadamu ana tabia mbaya. Akiumwa na chawa wa shati lake mwenyewe, humkodolea macho mgeni aliyeketi jirani.

Kisa hiki kilitokea mwaka 2001, katika shule moja ya bweni iliyo kandokando ya barabara itokayo Korogwe kwenda Handeni. Vumbi la barabara ile ni jekundu kama tofali lililoiva. Lori moja likipita saa ya chakula, ugali wa sembe hugeuka kuwa ugali wa mtama, na mlaji hana pa kushtaki.

Siku hizo soko lilikwisha kufunguliwa na vitu vya kila namna vilikuwa vikimiminika. Masweta ya mitumba yaliuzwa hadi vijijini ambako jua halijawahi kumtaka mtu avae sweta. Katika mafuriko hayo shule ikapata zawadi ya kompyuta moja, iliyokwisha kutumika kwa wenyewe lakini bado nzima. Ilifika juu ya lori, imelazwa kwenye godoro, ikapokewa kwa nyimbo na vigelegele kama bi harusi. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Rehani, aliipa chumba chake peke yake, kilichokuwa stoo ya majembe. Dirisha likapigiliwa misumari. Nyufa za mlango zikazibwa kwa magazeti. Tangazo likabandikwa kwamba hakuna kuingia bila kuvua viatu na kunawa miguu. Hata msikitini na kanisani watu wa eneo lile hawakunawa kwa hofu kubwa kiasi hicho.

Aliyeipenda kompyuta kupita wote ni Mwalimu Agripina, mwalimu wa malezi. Yeye alizaliwa Kwashemshi, milimani, ambako baridi humfundisha mtoto kufuma kabla hajajua kusoma. Katika nyumba ya Mwalimu Agripina hakuna kitu kilichokaa uchi. Redio ilikuwa na sketi, chupa ya chai ilikuwa na kofia, na hata kiti cha mgeni kilivaa vizuri kuliko mgeni. Basi alinunua masweta matatu ya kijani, akayafumua yote, na kwa nyuzi zile akaifumia kompyuta gauni. Gauni lilifunika boksi lake mbele, nyuma, ubavuni na utosini, likaacha mikono miwili mirefu ya kupitishia nyaya. Matundu ya nyuma aliyaziba kwa vipande vya sponji ya godoro.

"Nyumba haiachwi na matundu," alisema, akirudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yake. Walimu wakapiga makofi. Boksi likasukumwa kwenye kona, chini sakafuni, likaegemezwa ukutani kama mtoto aliyetiwa adabu.

Kazi ya kuchapa mtihani wa majaribio wa kidato cha nne alipewa Nashipai, msichana wa kidato cha tatu. Baba yake, Mzee Keriako, alikuwa mfugaji wa mbugani Handeni. Nashipai alijifunza kupiga taipu kwa karani mmoja wa misheni, na vidole vyake vilikimbia kwenye herufi kama mbuzi walioona chumvi. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyeweza kuchapa hivyo, na baadhi yao jambo hilo liliwakera, ingawa hawakulisema.

Siku ya kwanza kompyuta ilifanya kazi nusu saa, ikazima. Siku ya pili robo saa. Nashipai alipenyeza mkono chini ya gauni akaliona boksi lina joto la pasi. Akaenda ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umeizima tena?" aliuliza Mwalimu Agripina bila kuinua macho kutoka kwenye sindano zake.

"Imezima yenyewe, mwalimu. Ina joto sana. Kule nyuma kuna feni, inahema kama ng'ombe aliyevimba tumbo. Nilikuwa naomba tuivue gauni inapofanya kazi, na yale matundu tuyafungue ipumue."

"Tuivue?" Sindano zilisimama. "Vumbi lote hili tuiache uchi? Nashipai mwanangu, ninyi huko kwenu mnalala na ndama. Mambo ya usafi niachie mimi."

Walimu wawili waliokuwa mezani walicheka. Nashipai alihisi hasira ikimpanda kutoka kwenye nyayo. Ni kweli ndama hulala ndani kwao, lakini bibi yake huwaachia upenyo wa hewa, kwa kuwa anajua kwamba joto la kiumbe lazima lipate pa kutokea. Je, nyumba ya mfugaji ikijua jambo hilo, ofisi yenye wasomi sita ilishindwaje? Alifungua mdomo aseme. Kabla hajasema alikwisha kupewa kisiki cha kung'oa, kwa kosa la kuwa na jibu usoni.

Rafiki yake Kudra, Mzigua wa Korogwe mwenye ulimi mkali kama wembe mpya, alimkuta shimoni na jembe.

"Na wewe nawe!" alisema Kudra. "Kumwambia Mama Agripina avue lile gauni ni sawa na kumwambia kobe atoke atembeetembee bila gamba."

"Kobe amezaliwa na gamba lake. Kompyuta ilizaliwa na matundu," Nashipai alijibu, akikipiga kisiki kana kwamba kilikuwa mwanachama wa baraza la walimu.

"Basi nyamaza uchape. Hilo boksi likifa, si la baba yako."

"Likifa watasema nimeliua mimi."

Maneno yale yalikuwa kama yametoka kinywani mwa mganga. Dawa aliyoitoa Mwalimu Agripina kwa ugonjwa wa kompyuta ilikuwa kuiongezea koti la ndani, kwani aliamini vumbi lilikuwa linapenya. Alhamisi, katikati ya swali la kumi na nne la Jiografia, kompyuta ilikata roho. Ilipowashwa tena ilinguruma dakika mbili, ikazima. Ilipowashwa mara ya tatu haikufikisha hata dakika.

Hukumu ilitangulia kesi. Mlangoni mwa kile chumba palikutwa katambuga za Nashipai, zile ndala za tairi, zenye udongo mwekundu. Ziliwekwa juu ya meza ya Mwalimu Mkuu kama fuvu la marehemu. Hakuna aliyekumbuka kwamba katambuga zilikuwa nje ya mlango kwa sababu mwenyewe alizivua kama tangazo lilivyoamuru. Hakuna aliyeuliza viatu vya wengine vilikuwa na udongo wa rangi gani. Katika kitabu cha makosa pakaandikwa: "Nashipai Keriako, Kidato cha Tatu. Ameingiza vumbi na kuua mali ya shule. Afukuzwe." Kilichobaki ni mzazi wake kuitwa asikie na kutia dole gumba.

Usiku ule Nashipai hakulia. Alikuwa amekasirika kiasi cha kushindwa kulia. Msichana wa kwanza wa ukoo wao kufika kidato cha tatu angerudishwa nyumbani, na si kwa kufeli wala kwa kuiba. Angerudishwa kwa sababu ametoka mahali penye vumbi, katika wilaya ambayo hata Mkuu wa Wilaya akipiga chafya hutoka vumbi.

Jumamosi Mzee Keriako alifika, fimbo mkononi na shuka begani, akakaa kwenye ukingo wa kiti ili asiharibu kitambaa chake. Siku hiyohiyo alifika kutoka Korogwe Fundi Isihaka, aliyeitwa aje kulichukua boksi. Lilikuwa limebebwa hadi ofisini na kuwekwa mezani, bado limevaa.

"Mzee," alianza Mwalimu Rehani kwa sauti ya msibani, "binti yako ametuulia kompyuta."

Mzee Keriako alilitazama lile umbo la kijani.

"Huyu ndiye marehemu?"

"Ndiyo."

"Mmempasua?"

"Kumpasua? Hapana! Kifaa hiki hakifunguliwi ovyo, mzee. Kina siri zake."

"Mwalimu Mkuu, naomba kusema," Nashipai alidakia.

"Huna la kusema, limekwisha andikwa," alisema Mwalimu Agripina.

"Nitasema, mwalimu, hata kama ni visiki kumi. Kwetu ng'ombe akifa hatumshiki mtu. Kwanza tunampasua. Tukikuta wengu umevimba tunajua, tukikuta nyongo imefura tunajua. Ninyi mmenipasua mimi, na marehemu mmemwacha na nguo zake! Kama nimemuua kwa vumbi, vumbi si limo tumboni mwake? Mfungueni mnionyeshe!"

Mzee Keriako aligonga fimbo sakafuni mara moja.

"Sikutoka mbugani kuja kutia dole kwenye kesi ya mzoga usiopasuliwa," alisema. "Fundi, una kisu?"

"Nina bisibisi, mzee," alijibu Fundi Isihaka, ambaye tangu aingie alikuwa akilishangaa lile gauni kama mtu aliyeona samaki amevaa soksi. "Na hapa siondoki na boksi bila kulifungua. Nani aliivalisha hii mashine?"

Fundi alivua gauni, akavua koti la ndani. Akachomoa sponji moja, ya pili, ya tatu, huku uso wake ukizidi kukunjamana. Akafungua skrubu nne ndogo na kuvuta ubavu wa boksi.

Wote waliinama kuchungulia. Feni haikuonekana. Mahali pake palikuwa na kiota. Kando yake palikuwa na kipande cha chuma chenye meno kama kitana, na kila nafasi kati ya jino na jino ilikuwa imejazwa manyoya. Chembe za sponji zilikuwa zimenasa humo kama makombo kwenye ndevu. Na manyoya yale yote, kutoka juu hadi chini, yalikuwa ya kijani.

Nashipai alinyofoa kipande kwa vidole viwili. Akakiweka juu ya gauni, nacho kikapotea machoni kwa kufanana. Kisha akaisogeza katambuga yake yenye udongo, karibu kabisa na mikono ya Mwalimu Mkuu.

"Vumbi la kwetu ni hili," alisema.

"Jamani, haya ni mateso!" Fundi Isihaka alifoka, hasira ya fundi ikiwa imempata. "Mashine inavuta hewa ya baridi mbele, inatoa ya moto nyuma. Mmeiziba mbele, mmeiziba nyuma, mkaiweka sakafuni kwenye uchafu, halafu mkaipa manyoya ivute! Haijafa. Inajizima yenyewe isiungue. Ina akili kuliko..." Akamtazama Mwalimu Rehani, akayameza yaliyobaki.

Aliomba brashi mpya ya rangi na pampu ya baiskeli. Akatoka na boksi uani, akaishika feni kwa kidole isizunguke hovyo, akasugua na kupuliza hadi wingu la kijani likapaa juu ya bustani ya mchicha. Kisha akaagiza dirisha lifunguliwe, boksi likae juu ya meza, liwe mbali na ukuta kiasi cha shubiri moja. Kusafisha kuwe kila mwezi. Kufunika ni ruhusa, kwa kanga nyepesi, tena ikishazimwa na kupoa.

Iliwashwa. Dakika tano zikapita, kumi, nusu saa. Feni ilivuma taratibu kama mtu aliyetoka homani akapata usingizi.

"Basi," alisema Mwalimu Rehani akisugua viganja, "tumshukuru Mungu, tuseme yamekwisha. Nashipai, nenda kaendelee na swali la kumi na nne."

"Hayajaisha, mwalimu," alisema Nashipai. Hakusogea. "Jina langu bado limo kitabuni."

Mzee Keriako naye hakusogea. Mwalimu Rehani alikifungua kitabu polepole, akachora mstari juu ya maneno yale, kisha akasita, maana kanuni ya shule ilitaka kila kosa lililofutwa liandikiwe sababu. Alikikunakuna kichwa kwa kalamu. Aliitazama dari. Kumbe ni rahisi kuandika "afukuzwe" kuliko kuandika "tulikosea".

Mwalimu Agripina alikuwa amesimama dirishani, gauni mikononi, akilikunja na kulikunjua. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nililifuma wiki mbili," alisema, si kwa mtu yeyote. Halafu akaliweka chini na kunyoosha mkono. "Leta hiyo kalamu, Mkuu."

Nashipai alikuwa bado na hasira, na alikuwa na haki nayo. Hakumwonea huruma wala hakutabasamu. Alisogea tu karibu ya meza, ahakikishe kwa macho yake. Na pale chini ya jina lake, kwa mwandiko ule mzuri wa mtu aliyezoea kudarizi, Mwalimu Agripina aliandika maneno manne: Kikulacho ki nguoni mwako.