Mkaguzi wa Nyama na Binti wa Kidato cha Tatu

Wapendwa, leo nawapeleka machinjioni. Mama pale mbele, usishike pua, hatujafika bado.

Huko alikuwako mkaguzi wa nyama, mwanamke wa makamo, mwenye miaka ishirini na miwili kazini na magoti yenye miaka themanini. Kazi yake ni rahisi kuieleza. Ng'ombe akishachinjwa na kuchunwa, ananing'inizwa kwenye kulabu, na mkaguzi anakuja na kisu. Anapasua ini. Anapasua moyo. Anapasua tezi, anatazama, ananusa. Akiona pako safi, anachovya muhuri kwenye wino wa zambarau na kuugonga pajani, pa! Muhuri ule husema neno moja tu: kuleni. Akiona kasoro, nyama inakwenda shimoni, na mwenye ng'ombe anakwenda kumsema vibaya kwa mkewe.

Ng'ombe arobaini kila asubuhi. Zamani wakaguzi walikuwa wawili. Mwenzake alistaafu, wakamkatia keki, wakampa saa ya ukutani, na nafasi yake ikajazwa na barua isemayo kwamba nafasi hiyo itajazwa. Barua ile bado iko ubaoni. Imefifia hadi haisomeki, lakini iko.

Ninyi mliowahi kubaki peke yenu katika kazi ya watu wawili, mnamjua mama huyu? Naona vichwa vinatikisika. Basi nisiwaeleze uchovu wake, mnao wenyewe, mmekuja nao hapa kanisani, mmeuketisha kitini na kuuwekea kitenge.

Sasa, uchovu nao ni mwalimu, tena hodari. Ulimfundisha mama yule njia ya mkato. Ini zima lina rangi yake na mng'ao wake; akawa analitazama kwa nje tu, analibonyeza kwa kidole kama mtu anayenunua parachichi, kisha pa! Muhuri. Mwanzoni alifanya hivyo siku za Ijumaa tu. Baadaye Alhamisi nayo ikaomba. Jumatano ikasema, na mimi je? Na kwa kuwa hakuna mtu aliyepita mjini akilia kwamba ameuawa na nyama, mama akajiambia jicho lake limekuwa kali kuliko kisu.

Siku moja akapigiwa simu. Alikuwa ni katibu wa umoja wa wanawake waliosoma shule moja ya bweni ya wasichana, shule aliyosoma na mkaguzi wetu. Umoja huo, kila likizo, uliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu nafasi ya kumfuata kazini dada mmoja aliyewatangulia, wiki nzima, wakaone kazi ikifanyika. Na pale shuleni kulikuwa na desturi: kila aliyewahi kusoma huitwa Dada. Hata uwe na wajukuu sita na meno mawili, wewe ni Dada.

"Nimekuwekea binti mmoja, Jumatatu anaanza," akasema katibu.

"Mwanamke, nani kakuambia nataka binti? Mimi nimechoka, sina hata nguvu za kufunga kamba za viatu."

"Nani hajachoka? Nina mawakili wanne, nina daktari wa meno, nina rubani. Mtu wa nyama sina."

"Kwa hiyo wenzake wanakwenda kupanda ndege, huyu mnamleta kwenye maini?"

"Aliomba mwenyewe! Tumeshangaa wote. Anasema anataka kujua nani anaamua chakula kiliwe. Bwana, mpokee mtoto."

Wapendwa, mtoto aliomba mwenyewe. Shikeni hilo.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi binti akafika, amevaa mabuti ya mpira makubwa kuliko yeye, daftari kifuani. "Shikamoo, Dada." Na yule mama, ambaye miezi mingi hakuwa amenyoosha mgongo, akaunyoosha. Akatoa koti jeupe ambalo alikuwa analihifadhi kwa ajili ya siku za wageni. Akanoa kisu. Siku ile alipasua! Alipasua maini, akapasua mioyo, akapasua tezi ambazo ng'ombe wenyewe hawakujua wanazo. Kila kitu na maelezo yake. Binti anaandika, jasho linamtoka.

"Dada, mbona unapasua hata ini linaloonekana zuri?"

"Kwa sababu uzuri uko nje, mwanangu, na mdudu yuko ndani. Ukiona moyo una punje nyeupe kama za mchele, hayo ni mayai ya matatizo. Ni tegu. Mtu akila nyama ile haijaiva sawasawa, anaondoka na mnyoo wa mita kadhaa tumboni, na hata hajaukaribisha."

Binti akaandika na hilo. Huku nyuma magari ya bucha yalikuwa yamepanga foleni, madereva wanapiga honi. Mkuu wa wachinjaji, jitu la miraba minne, akaja akifuta mikono.

"Mama, leo kuna nini? Arusi?"

"Leo kuna mwanafunzi."

"Ahaa!" Akamwinamia binti. "Mdogo wangu, uwe unakuja kila siku au usije kabisa. Ukija siku moja moja utatuua kwa njaa."

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, ila kicheko chake kilikuwa kifupi.

Jumanne magoti yakadai malipo ya Jumatatu. Akapasua, lakini maelezo akayaacha nyumbani. Jumatano, kufikia ng'ombe wa kumi na tano, kisu kilikuwa mfukoni na kidole kiko kazini: bonyeza, pa! Bonyeza, pa! Alimtazama binti kwa pembe ya jicho. Binti alikuwa kimya, anatazama, haandiki. Hakuuliza neno. Na mama alishukuru kwa ukimya ule, kama mtu aliyechelewa ibada anavyoshukuru kukuta watu wamefumba macho.

Je, mnadhani mtoto akinyamaza ameacha kujifunza? Mimi nauliza tu.

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho. Mama aliamka na nyonga inayowaka moto. Aligonga thelathini na tano akiwa nusu macho, magari yakapakia, yakaondoka kwenda mjini. Wakabaki ng'ombe watano. Akamwita binti, akampa muhuri mkononi.

"Hawa watano ni wako. Mimi nakutazama nikiwa hapa. Fanya kama nilivyokufundisha."

Akakaa juu ya kreti iliyopinduliwa, akamimina chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa. Haijafika midomoni. Pa! Pa! Pa! Pa! Pa! Akainua uso, binti amesimama mbele yake, vidole vya zambarau, anatabasamu.

"Tayari, Dada."

"Tayari nini? Umepasua maini?"

"Hapana, Dada."

"Mioyo?"

"Hapana."

"Binti! Mimi sikukuonyesha? Siku ya kwanza hapa sikusimama nikapasua mpaka mkono ukafa ganzi?"

Binti hakuwa jeuri, wapendwa. Laiti angekuwa jeuri, mama angepata mtu wa kumgombeza. Alijibu kwa adabu zote, mikono nyuma.

"Ulinionyesha, Dada. Lakini tangu Jumatano hukupasua. Nikajua ile ya Jumatatu ni ya mtihani, na hii ndiyo kazi yenyewe. Hata shuleni ndivyo ilivyo. Kuna jibu la kuandika kwenye karatasi, na kuna namna watu wanavyofanya. Nikafurahi, nikasema Dada ananiamini, ananionyesha mpaka ile ya ndani."

Mama akaweka chai chini. Akachukua kisu, akaenda kwa ng'ombe wale watano. Wa kwanza safi. Wa pili safi. Wa tatu safi, akaanza kupumua. Wa nne, alipoukata moyo, punje nyeupe zikamtazama. Mchele mtupu. Na juu yake, pajani, muhuri mbichi unang'aa: kuleni.

"Huyu shimoni," akamwambia mkuu wa wachinjaji, na kwa mara ya kwanza jitu lile halikuwa na utani.

Mama akarudi kwenye kreti yake. Alitaka kukaa. Alitaka mambo yaishie pale: ng'ombe mmoja, kosa la mtoto, tumelinasa, tumshukuru Mungu, twende nyumbani. Na ndipo binti akauliza swali lake la kwanza tangu Jumatatu. Akaliuliza taratibu, kwa kuwa kweli alitaka kujua.

"Na wale thelathini na tano uliowagonga wewe, Dada?"

Wapendwa, kuna maswali ambayo hata malaika hukaa kando kusikiliza yatajibiwaje.

Mama akasimama. Sijui alisimama kwa nguvu za nani, maana zake zilikwisha Jumanne. Akapiga simu bucha ya kwanza: "Msikate nyama, nakuja." Akapiga ya pili, akatukanwa. Ya tatu hawakupokea. Akashika njia kwa miguu, na koti lake lenye damu na kisu mkononi, na binti nyuma yake na mabuti yale makubwa, kwaplu, kwaplu, mji mzima unawatazama. Bucha moja baada ya nyingine alipasua mioyo mbele ya wateja. Safi. Safi. Safi. Wenye bucha wakabweka: umelewa? Mbona ina muhuri wako mwenyewe? Akawajibu kila mmoja kwa maneno yaleyale: "Muhuri ni wangu. Sikuangalia."

Bucha ya tisa, karibu na stendi, akaukata moyo, na mchele ukamwagika.

"Nyama yake iko wapi?"

"Mbavu hizo hapo," akasema muuzaji. "Paja alichukua mchoma mishikaki wa hapo mbele, tangu saa mbili."

Wakavuka barabara. Jiko lilikuwa linafuka moshi, na watu kama kumi na watano wamekaa kwenye mabenchi, pilipili pembeni, wanatafuna. Mchomaji alipomwona mama akapunga upepeo wake kwa uchangamfu.

"Umechelewa, mama! Imekwisha. Hawa wateja wangu wanapenda nyama laini, naigeuza mara mbili tu, inatoka na majimaji yake. Subiri ya jioni!"

Mama akawatazama walaji. Vijana wa bodaboda, mwanamke mjamzito, babu na mjukuu wake. Akasogea katikati ya mabenchi.

"Jamani, nisameheni. Mimi ndiye mkaguzi. Nyama mliyokula ina tegu, na mimi niligonga muhuri bila kuipasua. Nendeni zahanati leo, mkawaeleze, mpewe dawa ya minyoo. Na wewe mama mwenye ujauzito, mwambie muuguzi hali yako kabla hujameza chochote."

Kijana mmoja wa bodaboda, mshikaki bado shavuni, akauliza, "Mama, sasa taarifa hii si ungetupa kabla hatujameza?"

Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe hakucheka. Alitema, akatazama chini.

Zilibaki bucha sita. Binti akamgusa mkono. "Dada, nipe kisu. Wewe niambie pa kukata."

Na mama akampa. Wakamaliza hivyo: mmoja anaelekeza, mwingine anapasua. Kazi ikaenda haraka kuliko wiki yote ile.

Hapo ndipo ninapowaachia mama yule, nageukia sisi.

Sisi husema watoto wa siku hizi hawasikii. Heri wangekuwa vipofu! Kusikia si shida; shida wanatuona. Tunawapa sala nzuri mbele ya wageni na matusi jikoni, na mtoto hapigi kelele, hupanga tu mambo yake kichwani: ile ya mtihani, hii ndiyo kazi. Na sisi wahubiri msituache nje. Mnatuona Jumapili na joho limepigwa pasi. Wanaotuona Jumatano ni wake zetu, na wao kwa rehema zao wananyamaza.

Lakini msitoke hapa mkisema mchungaji amekemea uchovu. Uchovu si dhambi. Mungu aliyeumba magoti anajua yanavyouma, na mama yule hakuhukumiwa kwa kuchoka. Nitawaambia kinachonitoa usingizi katika habari ile. Wiki nzima, wapendwa, wiki nzima, alikuwa na msichana mwenye mikono miwili mizima, aliyeomba mwenyewe kuja, na kazi ya watu wawili inamuua peke yake. Ingetosha Jumanne aseme: mwanangu, nimechoka, shika kisu tupasue wote. Angefundisha zaidi kwa sentensi ile kuliko kwa maonyesho yote ya Jumatatu. Hakuisema. Aliona aibu kuchoka mbele ya mtoto, hakuona aibu kugonga muhuri.

Ndivyo tulivyo. Tunaficha udhaifu kwa wale waliotumwa kutusaidia kuubeba. Baba unayemlea kijana kazini, dada uliyeambiwa uwaonyeshe njia wadogo zako, mwalimu, mzee wa kanisa: kuna mtu yuko nyuma yako hatua mbili, anatazama mikono yako. Hajaja kuona mtu asiyechoka. Huyo hayupo, na yeye analijua hilo kuliko unavyodhani. Geuka. Mwambie kweli. Kisha mpe upande mmoja ashike.