Nungunungu na Tope la Bwawa

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitika kama watu walioshiba. Ngano hii ni ya wenye kiu. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Hapo zamani za kale, nungunungu alipokuwa bado anatembea na wenzake, nchi ya wanyama ilikuwa na bwawa moja tu. Bwawa hilo alilikalia Kiboko. Alilizungushia ua wa miti ya miiba, akaacha mlango mmoja, akamweka Mamba mlangoni. Kila aliyetaka kunywa alileta kwanza tita la majani mabichi. Huna tita, huna maji.

Kiboko akasema, "Kabla yangu mlikuwa mkigombana hapa. Mimi nimeleta utaratibu." Wenye nguvu hulipenda sana neno hilo.

Mwaka mmoja jua likawaka, majani yakaadimika. Mama yake Nungunungu, mzee wa kujikokota, akaenda bwawani na tita dogo. Mamba akalitazama, akasema halitoshi. Siku ya pili akaenda, halitoshi. Siku ya tatu hakwenda, kwa sababu alikuwa amekufa.

Nungunungu alimzika mama yake, akapanda mlimani. Akawaita rafiki zake wawili. Mmoja alikuwa Nguchiro, mwepesi wa mbio. Wa pili alikuwa Kicheche, yule mnyama mdogo mwenye milia ambaye akiingiwa na hofu hutoa harufu kali.

Wakaapa. Maji yatakuwa ya wote. Na mpaka siku hiyo, hakuna kati yao atakayekanyaga tope la bwawa la Kiboko. Watakata kiu kwa viazi mwitu, vile vyenye maji ndani. Kuanzia hapo wakaitana Ndugu. Hawakuwa wa tumbo moja, shida ndiyo iliyowazaa.

Lakini viazi mwitu humea bondeni, wao walikuwa mlimani. Nani alivipeleka? Alivipeleka Bi Paa, mjane mmoja mwenye miguu myembamba. Kila asubuhi alipanda na viazi mdomoni, akavitua, akasema, "Kuleni, wanangu. Kupigana siwezi, ila kutembea naweza."

Majirani walipojua, nao wakaanza kuacha kiazi kimoja kimoja mlangoni kwa Bi Paa. Kanga aliacha. Kobe aliacha. Na walipokuwa wakichimba waliimba kwa sauti ya chini, nanyi niimbieni:

Maji hayana mwenyewe,
mvua haikutaja mtu.
Anywe mkubwa, anywe mdogo,
mvua haikutaja mtu.

Mara ya kwanza Ndugu waliposhuka, waling'oa ua upande wa mashariki. Wanyama wakanywa bure siku tatu.

Mara ya pili walisimama nje ya mlango, wakamtukana Mamba mpaka akatoka. Nungunungu akamchoma miiba puani. Mamba akajificha majini mwezi mzima. Kiboko akaogopa, akapunguza tita likawa nusu. Vijana wakapanda mlimani kwa furaha, na Ndugu wakafika arobaini.

Mara ya tatu walimwendea Kiboko mwenyewe, jua likiwa la utosi, amelala ukingoni. Walinyata kimya. Wakiwa karibu kabisa, upepo ukageuka. Kiboko akaamka, akafungua kinywa. Ndugu tisa hawakurudi, na Nguchiro alikuwa mmoja wao.

Sitawaficha, mimi Nungunungu nampenda. Ndiyo maana kipande kinachofuata kinaniuma kukisema.

Nungunungu alikaa siku nzima bila kula. Kisha akasema, "Kiboko aliambiwa. Kuna msaliti."

Kicheche akapaza sauti kuliko wote. "Yupo! Na tutamjua kwa miguu. Mwenye tope la bwawa ndiye anayekwenda kwa Kiboko."

Basi wakashuka bondeni kukagua miguu. Wakamkamata Kanga.

"Tope hili la wapi?"

"La bwawani. Nilikwenda kunywa."

Wakamnyonyoa manyoya ya shingo, na mpaka leo hayajaota. Wakamkamata Kobe.

"Tope hili la wapi?"

"La bwawani, Ndugu. Ninyi mna viazi. Sisi tunakunywa wapi?"

Wakampasua gamba. Asubuhi ya tatu Bi Paa akapanda mlimani na viazi vyake vitatu. Akavitua, akawakuta Ndugu wamesimama duara.

"Mama, inua mguu," akasema Nungunungu.

Bi Paa akainua. Kwato zilikuwa na tope mpaka juu.

"Tope hili la wapi?"

"La bwawani, mwanangu. Njia ya kutoka kwangu kuja kwenu inapita bwawani. Haina nyingine. Miezi yote hii nakuja na tope, nawe hukuniuliza ulipokuwa unakula."

Nungunungu aliujua ukweli alipousikia, naamini hivyo. Lakini Ndugu thelathini walikuwa wakimtazama, na Kanga na Kobe walikwisha kuadhibiwa kwa tope hilohilo. Akimwacha huyu, adhabu za wale wawili zitakuwa nini?

"Sheria ni moja kwa wote," akasema.

Akamchoma miiba mitatu. Bi Paa akaanguka, asiinuke. Viazi vyake vilikaa pale chini siku nzima, hakuna aliyevigusa. Siku ya pili wakavila, maana njaa haina aibu.

Siku ya tatu hapakuwa na kiazi. Siku ya nne hapakuwa na kiazi. Nungunungu akasimama juu ya jiwe, akauimba ule wimbo kuelekea bondeni, "Maji hayana mwenyewe." Akangoja. Zamani bonde zima lingeitikia. Siku hiyo hakuitikia hata panya.

Kiboko hakuwa na haja ya kupigana tena. Alirudisha tita zima, akaufunga ua. Mlimani Ndugu wakaanza kupungua. Mmoja akisema anakwenda kuchimba mizizi, harudi. Wa pili harudi, wa tatu harudi. Mwisho wakabaki wawili, Nungunungu na Kicheche.

Siku moja walikuwa wamekaa, Kicheche upande huu, Nungunungu upande ule. Jani likaanguka, Kicheche akashtuka, na upepo ukavuma kumwelekea Nungunungu. Ile harufu ikampiga puani. Akageuka polepole.

"Upepo," akasema. "Siku ile, ulikuwa upepo na harufu hii tu. Hapakuwa na msaliti."

Kicheche akainama.

"Ulijua?"

"Nilijua tangu siku ileile. Nilisema moyoni, hofu yangu ndiyo iliyowaua tisa, na nikikiri mtaniua. Nikatafuta miguu ya mwingine."

Nungunungu hakumgusa. Miiba yote alikuwa nayo mgongoni, na hakuwa na wa kumchoma. Kicheche akaenda zake.

Kiu ikamshika Nungunungu mpaka ulimi ukawa mzito. Akashuka mlima kwa njia ileile ya Bi Paa, akaona kweli inapita bwawani, haina nyingine. Alipofika mlangoni hakuwa na tita. Kobe alikuwapo, gamba lake limejaa nyufa, na tita lake kichwani.

Kobe akamtazama miguu kwa muda mrefu. "Ndugu," akasema, "una tope."

Nungunungu akalia. Hakulia alipomzika mama yake, lakini hapo alilia.

Kobe akaligawa tita lake mara mbili, nusu akampa Mamba kwa ajili yake mwenyewe, nusu kwa ajili ya Nungunungu, wagawane maji ya mmoja. "Kunywa kidogo, nami ninywe kidogo," akasema. "Ua bado upo. Ningekuwa na wa kuung'oa naye, ningeung'oa. Lakini siwezi kusimama tena na wewe."

Kobe akanywa, akaondoka, na toka siku hiyo Nungunungu hutembea peke yake.

Msije mkasema Kiboko alikuwa mwema. Alikuwa dhalimu mwanzo mpaka mwisho, na mama aliyekufa kwa kiu alikufa kweli. Ila ngano yatufundisha hivi: ukitaka kumkomboa mwenye kiu, usimwadhibu kwa kunywa. Na aliyekulisha, usimkague miguu.

Ngano yangu naiacha hapa ukingoni. Mwenye kiu aichote, aliyeshiba aifunike, asiichafue.