Zamu kwenye Mtambo wa Maporomoko

Wapendwa, kabla hatujainamisha vichwa kuomba, twendeni kwanza kwenye kilima kimoja katika nchi ndogo, isiyo na bahari wala mafuta, ambayo kila kitu huifikia kwa lori na kwa bei ya kuumiza. Ila mvua ilikuwa nayo, na miteremko ilikuwa nayo. Chini ya kilima hicho mto ulianguka kwa kishindo tangu enzi za mababu, na hakuna aliyewahi kuutazama akaona ajira.

Basi likaja shirika, likajenga mtambo mdogo wa umeme hapo kwenye maporomoko. Taa zikawaka, mashine ya kusaga ikaachana na dizeli. Shirika likamwacha fundi mmoja mgeni akae msimu wa mvua, afundishe. Makubaliano yalikuwa wazi: atakayeujua mtambo ataajiriwa kuutunza, na vilima vya jirani vikijengewa, ataitwa na huko. Asipopatikana, ataletwa mtu kutoka nje.

Kilima kile kilikuwa na desturi nzuri. Barabara ikiharibika, chemchemi ikijaa tope, kazi iligawanywa kwa zamu, nyumba kwa nyumba. Desturi hiyo haikushuka mbinguni. Aliileta mama mmoja mjane, aliyechoka kuona kila kibarua kinaishia kwa wapwa wa mwenyekiti, akasimama mkutanoni. Walimtukana, wakamwita Mama Mdomo, lakini alishinda. Kwa hiyo mafunzo ya mtambo nayo yakaenda kwa zamu: kila nyumba, wiki moja. Haki tupu, au sivyo?

Sasa mwoneeni huruma yule fundi. Kila Jumatatu sura mpya. Maji yanaingia hapa, swichi ni hii, usiguse pale. Ijumaa kijana anarudi kwao kifua mbele, kapigwa picha na kofia ngumu kichwani. Jumatatu fundi anaanza upya. Msimu ulipofika katikati, nusu ya kilima ilijua kuuwasha mtambo na kuuzima. Kinachoendelea kati ya kuwasha na kuzima, hakuna aliyekijua.

Msichana mmoja wiki yake ilipoisha akakataa kuondoka. Kila asubuhi akarudi, akasimama mlangoni pa mtambo akitazama, mpaka akaitwa mkutanoni. Mwenyekiti akamwambia ameshakula, awapishe wenzake. Mtu akatania kutoka nyuma kwamba binti kaona fundi hajaoa.

“Mume nimtafute kwenye grisi?” akajibu. “Nimefundishwa kuuwasha. Siku ukikataa kuwaka, mtamwita nani?”

Zamu iliyofuata ilikuwa ya nyumba ya yule mjane, na binti yake alikuwa tayari ameshafua nguo za kwendea. Mwenyekiti akaona raha. Akamgeukia mjane, akamwambia desturi ni yako, Mama Mdomo, itetee.

Mjane akamtazama binti yake, akamtazama yule msichana.

“Zamu yangu nampa huyu.”

“Unaiacha haki uliyoipigania mwenyewe?”

“Sijaiacha, mwenyekiti. Nimeitumia. Mwanangu akienda wiki moja, nitapata picha ya kutundika ukutani. Huyu akibaki, nitapata fundi. Na wewe, mwanangu,” akamwambia msichana, “ukishajua, umfundishe binti yangu mpaka mwisho. Siyo mpaka Ijumaa.”

Minong'ono haikukosekana. Lakini nyumba iliyofuata nayo ikaachia, kisha nyingine. Msichana akakaa na fundi mpaka mvua zikakatika na mgeni akaenda zake. Kisha asubuhi moja mtambo ukanyamaza, akina mama wamepanga foleni na mahindi yao kwenye mashine. Msichana akaufungua, binti wa mjane akimshikia spana na kuuliza maswali. Jua halijazama, unga ukaanza kutoka. Na kilima cha jirani kilipojengewa mtambo wake, hawakuita fundi mmoja. Waliita wawili.

Wapendwa, nani humu ndani hana cheti cha semina ya wikendi? Tunavyo rundo. Wakubwa husimama mbele ya kamera wakajivunia vijana waliopata mafunzo ya nishati, na sisi tunapiga makofi, halafu paneli za umeme wa jua zikifika, wanaozifunga wametoka nje, na sisi tumeajiriwa kuzifyekea majani. Nakasirika, sifichi. Lakini nusu ya hasira hiyo inatuangukia sisi wenyewe. Tunaogopa mmoja wetu asijue sana, kwa hiyo tunagawana ujuzi vipande vipande mpaka hakuna aliyeshiba. Mungu aliyetupa jua na maji hakutunyima akili. Anatusubiri tumwachie mtu mmoja muda wa kuiva, na mtu huyo ajue kwamba anaiva kwa ajili ya wengine.

Nafasi moja ya mafunzo imeletwa kwenye ushirika wetu, mwaka mzima kwenye kituo cha umeme wa jua. Na nimesikia tayari tumeshapanga kuigawana, mwezi kwa mwezi, tusigombane. Jina langu ni la kwanza kwenye zamu hiyo. Nimeshamwambia katibu alifute, aandike la yule dada wa mwaka wa pili chuoni anayetutengenezea spika kila Jumapili, akae mwaka mzima. Mwezi wa pili ni wa nani? Simama, ndugu yangu, tukusikie.