Gari la Vioo Juu

Mtu mmoja alikuwa na gari jeupe lenye kiyoyozi, na kiyoyozi kilikuwa kimekufa. Jina lake Mbwana, wa Korogwe, na jua la Korogwe mnalijua halina adabu. Gari lilikuwa zuri, halina hata mkwaruzo, na kila alipopita nalo sokoni vioo vilikuwa juu. Kioo kikiwa juu, watu husema ndani kuna baridi. Kikishuka, wameshajua. Basi Mbwana akawa anatokwa jasho ndani kwa ndani, shati limemganda mgongoni, huku akiwapungia watu mkono kama bwana harusi.

Fundi alikuwa amemwambia. Alimwinamisha mbele ya gari, akamwonyesha kwenye yale matundu ya mbele kitu wanachokiita kondensa, kama bamba la mikunjo membamba, kinakaa mbele ya rejeta. Kazi yake ni kuchukua joto la ndani na kulitupa nje. Ilikuwa imepigwa na mawe ya barabarani, kutu imeila, inavuja. Haizibiki, ni kubadilisha. Lakini kuibadilisha lazima bampa lishushwe, gari lifunguliwe uso, na gereji yenyewe iko mkabala na stendi, hakuna asiyepita pale.

Mbwana akasema, "Wewe nijazie gesi tu."

Akajaziwa. Ikapoza kidogo, ikavuja. Akarudi, akajaziwa tena. Hela alikuwa nazo, msimtafutie udhuru. Alichokosa ni moyo wa kuliacha gari lake limekenua mbele za watu. Na gesi hiyo nyinyi wanaume mliokaa nyuma pale mnaijua vizuri. Ndiyo ile "nisamehe mke wangu, sirudii," inayopoza nyumba mpaka Ijumaa.

Mkewe, Mwasiti, akajifungua mtoto wa kiume. Arobaini ilipotimia, wakafunga safari kwenda Mombo, mtoto akaonwe na babu na bibi yake wa kwa mama. Ilikuwa mchana wa jua kali, na gesi ilishakwisha kitambo. Mwasiti alikaa nyuma na mtoto mapajani. Akaomba kioo kishushwe. Mbwana akasema, tukitoka mjini. Walipotoka mjini akasema, hivi huoni kaka zako wako nyuma yetu na gari lao, unataka waseme dada yao kaolewa na mwenye gari bovu? Na vioo vyote alikuwa amevifunga kwa kitufe cha pale kwake kwa dereva.

Mtoto akalia. Akalia sana. Kisha akanyamaza.

"Unaona," Mbwana akasema, "keshazoea."

Mwasiti akamgusa mtoto kifuani. Wa moto, mkavu, kichwa kimelegea. Hakubishana. Gari lilipopunguza mwendo kwenye tuta la kuingilia Mombo, akafungua mlango. Mbwana hakuwa na la kufanya ila kukanyaga breki. Mwasiti akashuka na mtoto wake, akakaa chini ya kibanda cha wauza machungwa, akaomba maji, akamlowesha kichwa, kifua, miguu, akampepea kwa upande wa kanga. Kaka zake wakasimama wameduwaa. Watu wakajaa. Mbwana akaja, akamwinamia sikioni, akamwambia ainuke arudi garini, anamwaibisha.

Mtoto akashtuka, akapiga ukelele. Mwasiti akambeba begani, akasimama, akasema na kila mtu akasikia:

"Nenda kalifungue uso gari lako mbele za watu. Mpaka hapo, mimi na mwanangu tutakwenda kwa miguu."

Akaondoka. Na alipoulizwa na kaka zake aliwaeleza yote, palepale barabarani, hakumeza neno.

Naona midomo imeanza kuchezacheza. Mnasema mke mwema humsitiri mumewe. Mimi nami nilifundwa, tena na kungwi mkali kuliko wenu. Waliotufunda walituambia tumfunike mume. Hawakutuambia tumfunike mtoto pua.

Wiki ileile gari lilikuwa gereji, bampa chini, limeachama kama kibogoyo. Watu wakapita wakacheka, walipochoka wakaenda kula. Hakufa mtu. Kondensa mpya ikawekwa, joto likatolewa nje, hadharani, ambako ndiko mahali pake, na ndani ndipo pakapoa. Nyumba isiyokubali kutoa joto lake nje huwapika waliomo.

Sasa sitaki amina zenu. Nyumbani kwako wewe, ni nani aliyenyamaza, ukasema keshazoea?