Mti wa Namkunda Ulikula Nini

Hii imenifikia nami naipitisha. Isome hadi chini kabla hujaituma, maana siku hizi watu husoma mstari mmoja wakajiona wamehitimu.

Katika nchi moja ya milimani, ambako watu walipenda kesi kuliko nyama, aliishi mjane aitwaye Namkunda. Mumewe alipofariki, shemeji yake Senkondo alimwachia kipande cha mteremko alime maharage. Kilikuwa kipande cha mawe, na kila masika kiliporomoka. Namkunda hakulia. Alipanda miti kumi na miwili ya mbao ili iushike mteremko, akaendelea na maharage yake.

Desturi ya nchi ile ilijulikana: udongo ni wa mwenye shamba, mti ni wa mkono ulioupanda. Kwa hiyo miaka ikapita bila mtu kumsumbua. Miti ilipokomaa, Namkunda alikuwa amekwisha simamisha kuta za nyumba mpya, yake na wajukuu wake wanne. Kilichobaki ni paa. Hapo ndipo Senkondo alipokumbuka kwamba ana shemeji.

"Shemeji," alisema, "mti ni wako, sikatai. Lakini umekula nini hata ukanenepa hivyo? Umekula udongo wangu. Huo ni udongo wangu uliosimama wima."

Wakaenda kwa mfalme. Wazee wa baraza waliyaona maneno ya Senkondo yana uzito, maana kila mtu anajua kwamba mti una mizizi, na mizizi iko ardhini, haiko sokoni. Hata dada yake Namkunda alimnong'oneza akubali kugawana nusu kwa nusu, yaishe.

Namkunda hakuwa na elimu ya kutamba nayo, lakini alikuwa amepikia mafiga matatu kwa miaka arobaini. Alisimama akauliza swali moja tu. Mzigo wa kuni anaobeba kutoka msituni humvunja shingo. Ukishaungua, majivu yake huyatoa nje kwa kigae kimoja. Kama kuni zote ni udongo, udongo uliobaki huenda wapi? Udongo hauungui.

Senkondo akasema umekwenda na moshi. Mfalme akakuna kichwa, kisha akamwita Mwalimu Kiangi wa shule yake. Mwalimu akasema jambo la kupimika halibishaniwi, linapimwa.

Basi wakafanya hivi. Walianika udongo wa shamba la Senkondo mpaka ukakauka kabisa, wakaupima kwa mizani dhidi ya mawe, na mawe yale yakafungiwa nyumbani kwa mfalme asije mtu akayachokora. Udongo ukatiwa katika mtungi mkubwa, Namkunda akapanda humo mche mmoja, wakafunika mdomo wa mtungi kuuzunguka mche, mavumbi yasiingie. Angeumwagilia maji ya mvua tu, kwa miaka mitatu. Hadi siku hiyo, asikate hata tawi moja la miti yake mteremkoni.

Miaka mitatu ni rahisi kuitamka. Masika ya kwanza nyasi za nyumba ya zamani zilivuja, Namkunda akahamisha vitanda. Masika ya pili zilivuja hadi akakosa pa kuhamishia. Senkondo alipita njiani, akasimama chini ya mwavuli wake, akamuuliza kama ile nusu kwa nusu haijaanza kupendeza. Namkunda alimjibu kwamba yeye amelowa nguo tu, hajalowa akili.

Mwaka wa tatu mvua zilikataa. Maji ya mvua yalibaki debe moja, chini kabisa ya pipa. Alikuwa akiyapima kwa kikombe, asubuhi kikombe na jioni kikombe, na siku nyingine koo lake mwenyewe lilisubiri. Majirani walisema mama wa watu amerukwa na akili, anaunywesha mti kama mgonjwa. Aliwasikia. Hakuacha.

Siku ikafika, baraza likajaa. Waliung'oa mti, wakaikung'uta mizizi chembe kwa chembe, wakaanika udongo siku tano, wakaleta mawe ya mfalme. Mizani ikasimama karibu sawasawa. Kilichopungua ni konzi moja. Ule mti, walipouweka kwenye mizani, ulikuwa na uzito wa mbuzi jike.

Mfalme akauliza mbuzi huyo katoka wapi.

Mwalimu Kiangi akaeleza. Alisema kila kitu kimejengwa kwa atomi, chembe ndogo ambazo punje ya unga ni mlima mbele yao. Jani hunyonya kaboni kutoka katika hewa tunayoitoa puani. Mizizi huleta maji, na maji ni haidrojeni na oksijeni. Jua likipiga, jani huziunganisha chembe hizo, zikawa molekuli za sukari, na sukari ikafungwa ikawa mbao. Oksijeni inayozidi jani huiachia, nasi tunaivuta. Udongo hutoa chumvichumvi kidogo tu, ndiyo ile konzi, na ndiyo inayobaki majivu. "Hata Bwana Senkondo," alimalizia, "ni kaboni, maji na konzi ya majivu. Tofauti yake na mti ni kwamba mti haushtaki."

Baraza likacheka. Mfalme akaamua: mwenye udongo arudishiwe udongo wake. Namkunda akaenda jikoni kwake, akarudi na debe limejaa majivu, akalitua miguuni pa shemeji yake. "Hili ni la miti yote kumi na miwili, na nimezidisha," alisema. "Kamwage shambani, ni mbolea."

Ungedhani yameisha. Humjui Senkondo.

Alilisukuma debe kwa mguu, akasema kwamba kama ni hivyo, kesi yake imekuwa kubwa zaidi. Mwalimu mwenyewe amekiri kuwa mti umejengwa kwa hewa itokayo puani. Na ni pua ya nani iliyopita mteremkoni pale kila siku, na ng'ombe thelathini nyuma yake? "Basi hizo mbao ni pumzi yangu," alisema. "Naidai pumzi yangu."

Wazee wakatazamana. Mfalme akamgeukia Namkunda.

Namkunda hakuwa na haraka. "Ni kweli shemeji, pumzi yako imo," alisema. "Nitakurudishia yote. Lakini miti yangu nayo imekupa oksijeni tangu ikiwa miche, na hujawahi kusema hata asante. Wewe ndiwe mwenye madai, basi anza wewe. Rudisha ya kwetu, na kuanzia sasa usivute nyingine."

"Ni haki," alisema mfalme. "Anza."

Senkondo akafungua kinywa ili ajibu. Na ili ajibu, ilimbidi kwanza avute pumzi. Baraza zima liliisikia ikiingia.

Mfalme akasimama, akamwambia Namkunda akanoe shoka.

Funzo: Hakuna kiumbe aliyejijenga kwa chake mwenyewe, sote tumeazima, hata pumzi. Kabla hujamdai mwenzako ulichompa, rudisha kwanza ulichopewa, kama utaweza.