Simbilisi wa Nehemiah

Zamani, huko Tongaren, jikoni mwa Bilha hamkukosa filimbi. Mumewe Nehemiah, fundi wa matrekta, alileta simbilisi wawili kutoka Kitale, wale wanyama wadogo wanene wasio na mkia, akawaachilia chini ya benchi karibu na meko. Bilha akishika tu kisu kukata mboga ya sukuma, walipiga filimbi kama marefa. Nehemiah alicheka mpaka chai ikamwagika.

Miaka ikasonga kama maji ya mto Nzoia. Nehemiah akazikwa, Bilha akahamia Kanduyi, na ukoo wa simbilisi wale ukabaki na watatu: majike wawili na dume mweupe. Dume huyo ndiye pekee aliyezaliwa Nehemiah akiwa hai. Bilha alimtunza kama mboni ya jicho. Kumsikia kulikuwa kama kusikia bado kuna mtu nyumbani.

Mvua zilipoanza, dume akaanza kujikuna. Alijikuna kutwa kucha, manyoya yakanyonyoka mgongoni, ngozi ikatoa magamba. Sasa Bilha angefanyaje? Akina mama wa kikundi cha kanisa, waliomwita Mama Viola, walimsifu kwa usafi. Sakafu yake ungeweza kulia ugali. Angewaambiaje kwamba nyumbani mwake kuna upele? Akawatia wote watatu katika katoni, akaisukuma chini ya kitanda.

Akakumbuka jinsi Nehemiah alivyompaka mbwa wao oili chafu ya trekta, na mbwa akapona. Akaomba kikopo kwa fundi wa pikipiki, akampaka dume mwili mzima. Lakini simbilisi hujilamba. Siku ya tatu alikuwa mkavu kama kuni. Bilha akamzika nyuma ya choo, akajiambia ni uzee tu. Majike nao wakaanza kujikuna.

Alhamisi kikundi kikaja kwake kuomba. Katikati ya sala, mlio mkali ukatoka chumbani.

"Mama Viola," jirani yake Rahab akauliza baada ya amina, "huko ndani kuna nani?"

"Ni panya tu."

"Panya wa Kanduyi siku hizi wanapiga filimbi? Si unionyeshe basi huyo panya, bana."

Akaingia bila kungoja, akaivuta katoni. Jike mmoja alikuwa amelala ubavu, miguu ikitetemeka kama ya mwenye kifafa, kwa ule muwasho. Bilha akajifunika uso kwa leso.

"Ati ulikuwa unaficha hii?" Rahab akasema polepole. "Simbilisi wangu walikuwa nayo mwaka jana. Hata mimi niliogopa mtanicheka. Vaa viatu, twende Kitale kwa Chelagat."

Chelagat, daktari wa mifugo, alikwangua ngozi kidogo, akaitazama kwa hadubini.

"Ni utitiri, mama, wadudu wa ngozi. Macho matupu hayawaoni. Huja hata na nyasi, si lazima uwe mchafu." Akawapima majike kwenye mizani ndogo, maana dawa yao huenda kwa uzito, akawadunga sindano. "Warudishe baada ya wiki mbili. Nyasi za zamani choma, na wanapolala paoshwe. Oili usipake tena, wanailamba na ni sumu." Akachungulia ndani ya katoni. "Ni hawa tu?"

"Walikuwa watatu."

"Huyo wa tatu ungemleta mapema, dawa hii hii ingemtosha."

Bilha aliikumbatia katoni njia nzima mpaka Kanduyi.

Majike walipona, manyoya yakarudi laini kama pamba. Jioni moja Rahab akaja kuwatazama wakitafuna nyasi.

"Sasa umebaki na wanawake watupu, Mama Viola. Nitakuletea dume."

"Lete, dada. Lakini yule nilimnyima daktari kwa kuogopa midomo ya watu, na watu wenyewe hata hawakunicheka."

Rahab akawaongezea majike nyasi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.