Saa Mbili Mara Mbili

Kaeni, wapendwa. Leo sitawapigia kelele. Koo langu limechoka, na ninyi pia mmelichoka. Nina mfano mmoja tu, ukiisha tutaelewana.

Kulikuwa na binti mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta. Msinitazame hivyo, akina bibi. Programu ni yale maelekezo yaliyofichwa ndani ya simu yako, ndiyo yanayoifanya ijue kupeleka ujumbe na kuuleta. Kuna mtu ameyaandika, mstari kwa mstari, kama katibu wetu anavyoandika kumbukumbu za kikao. Tofauti ni kwamba yeye akikosea herufi moja simu inagoma. Katibu wetu akikosea, kikao kinaendelea tu.

Binti huyu hakuiomba kazi hiyo. Alipomaliza shule alitaka kusomea mambo ya mifugo, maana kwao walifuga mbuzi na alimjua kila mbuzi kwa tabia yake. Chuo kikamjibu kwamba nafasi za mifugo zimejaa, alama zako za hesabu ni nzuri, nenda kompyuta. Baba yake akamwambia, "Mwanangu, mtaka cha mvunguni sharti ainame." Akainama miaka minne, akafaulu, akapata kazi Dodoma kwenye kampuni inayotengeneza mifumo ya hospitali.

Alikuwa hodari? Alikuwa. Mvivu? Hata kidogo. Lakini moyo wake haukuwaka. Wenzake walizungumza kompyuta asubuhi, wakazungumza kompyuta juu ya sahani ya chipsi mayai, wakaagana jioni kwa habari za kompyuta. Mmoja wao, kijana wa meza ya jirani, aliipenda kazi ile kupita kiasi. Akigundua njia mpya ya kuandika jambo, alisimama akazunguka kiti chake mara mbili kwa furaha. Binti alimtazama, akajiona kama mtu aliyeingia harusini bila kadi. Yeye ikifika saa kumi na moja jioni alifunga kompyuta, akachukua mkoba, akaenda mazoezi ya kwaya. Njia nzima hakuikumbuka kompyuta hata mara moja.

Sasa Jumapili moja kanisani kwao akaja mhubiri mgeni. Sisemi ni nani, ila si mimi. Akawageukia vijana, akasema kwa sauti kubwa: "Kama unaamka asubuhi na moyo wako hauchezi kwa ajili ya kazi yako, ujue umekalia kiti cha mtu mwingine! Tafuta wito wako!" Vijana wakapiga makofi. Binti hakupiga. Yale maneno yalimwingia kama mwiba, kwa sababu aliona yametumwa kwake.

Jumatatu akaenda kwa bosi wake.

"Bosi, mkataba wangu unaisha Ijumaa. Naomba nisiutie saini mwingine."

"Umepata kazi kwingine?"

"Hapana. Sina wito na kazi hii. Naona nimekalia kiti cha mtu."

Bosi alikuwa mtu wa maneno machache. Akamtazama kidogo, akasema, "Nimekusikia, mama. Ila kabla hujaondoka nikagulie ule mfumo wa dawa. Jumatatu ijayo hospitali wanaanza kuutumia."

Mfumo wenyewe ulikuwa umeandikwa na yule kijana wa meza ya jirani. Kulikuwa na hospitali moja yenye kliniki ya watoto wanaougua kifafa. Mtoto wa namna hiyo anakunywa dawa mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku, asikose. Akikosa, anaanguka. Akianguka karibu na moto, au karibu na kisima, nisiwamalizie. Na mama zao husahau, si kwa uzembe. Mama ana shamba, ana mtoto mwingine mgongoni, ana mkwe anaumwa. Basi kijana akatengeneza mfumo ambao muuguzi anaandika saa za dawa, na kila zikifika simu ya mama inapata ujumbe: mpe mtoto dawa. Kazi nzuri sana. Aliifanya kwa upendo, na mimi simcheki.

Binti alikuwa na karatasi yake ya hatua za kukagua, kuukuu, imekunjwa mpaka imechanika pembeni. Wenzake walijua mambo hayo kwa moyo, hawakuhitaji karatasi. Yeye aliihitaji, kwa sababu hakuwa na mapenzi ya kumwongoza. Aliifuata hatua kwa hatua, hakuruka hata moja. Hatua ya mwisho ilisema: nenda ukakae na mtu mmoja anayetumia mfumo, atumie mbele yako, usimfundishe, nyamaza.

Kijana alimwona anajiandaa kutoka, akacheka.

"Dada, ya nini kwenda mpaka hospitali na jua hili? Nimeujaribu mara mia nne. Weka saini tu. Wiki yako ya mwisho hii!"

Ungefanya nini wewe? Sema ukweli, uko kanisani. Kazi huipendi. Umeshaaga. Aliyeutengeneza mfumo ni bingwa kukuzidi. Hakuna atakayekulaumu. Wengi wetu tungeweka saini, tukaenda kununua zawadi za kuagana.

Binti akasema, "Kaka, karatasi inasema nikakae na mtu. Basi nitakaa."

Akafika kliniki Jumatano asubuhi. Akamkuta muuguzi mtu mzima, miwani imeshikiliwa na uzi, mbele yake benchi limejaa akina mama na watoto.

"Karibu, mwanangu. Nikusaidie nini?"

"Shikamoo, sista. Fanya kazi yako kama kawaida. Mimi nitakaa pembeni kimya."

Mama wa kwanza akasogea na mtoto wa miaka mitatu hivi. Muuguzi akauliza, "Mama, dawa utakuwa unampa saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi, sista, na saa mbili usiku."

Muuguzi akaandika. Kisanduku cha kwanza: mbili. Kisanduku cha pili: mbili. Akabonyeza. Kompyuta ikatoa rangi ya kijani ikasema: Imehifadhiwa. Saa iliyorudiwa imefutwa.

Binti akasogeza kiti. Akasoma tena.

Mmeelewa, wapendwa? Sisi jua likichomoza tunaanza kuhesabu upya, na jua likizama tunaanza tena. Kwa hiyo tuna saa mbili ya kupeleka watoto shule, na saa mbili ya taarifa ya habari. Kompyuta haijui hayo. Ile ya asubuhi inaiita nane, ile ya usiku inaiita ishirini. Ukiiandikia mbili, yenyewe inaelewa ni ile saa nane yetu ya usiku wa manane, wakati hata mbwa wamelala. Na ilipoona mbili mara mbili, programu kwa ujanja wake ikasema, huyu karudia kwa bahati mbaya, ngoja nimsaidie. Ikafuta moja. Mtoto wa watu akabaki na nusu ya dawa yake, na ujumbe wenyewe unakuja mama akiwa kwenye usingizi wa pono.

Na yule kijana je, si Mswahili? Ni Mswahili kabisa! Ukikutana naye sokoni ukamuuliza saa, atakwambia saa mbili. Lakini akikaa mbele ya kompyuta alihesabu kama kompyuta. Mara zote mia nne aliandika nane na ishirini, na mara zote mia nne mfumo wake ukamjibu vizuri.

"Sista," binti akauliza, "umeshaandika watoto wangapi?"

"Tangu juzi? Sitini na mmoja. Walituambia tuwaingize mapema, ili Jumatatu mfumo uanze."

"Wote umeandika hivi? Hakuna uliyemwandikia nane na ishirini?"

"Wengi saa mbili mbili, wengine saa moja moja. Kwani mwanangu, nani anampa mtoto dawa saa nane?"

Binti akamweleza. Muuguzi alivua miwani, akashika kichwa. Watoto sitini na mmoja! Papo hapo binti akapiga simu ofisini. Kijana akaja mbiombio, shati limelowa jasho. Alisimama nyuma ya muuguzi, akamwangalia anavyoandika. Mbili. Mbili. Kijani. Hakuzunguka kiti siku hiyo.

"Dada," akasema, "niliupenda mno huu mfumo. Sikuwahi kumtazama mtu akiutumia."

Wakafanya kazi pale pale kliniki, Jumatano na Alhamisi. Kijana akaandika upya, mahali pa saa pakawekwa kitufe cha asubuhi na kitufe cha usiku, saa zikawa za kwetu. Binti na muuguzi wakapitia kadi za watoto, moja moja, zote sitini na moja, wakasahihisha, na kila mama akatumiwa ujumbe wa majaribio. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na binti hakuipenda hata dakika moja. Nawaambieni hivyo ili msije mkafikiri malaika alishuka akamgusa. Mgongo ulimuuma, macho yalimuuma, alitamani kwenda kwaya.

Alhamisi mchana walipokuwa wanamalizia, akamwambia muuguzi, "Sista, kesho ndiyo namaliza kazi hii. Nimeona sijaitwa huku."

Muuguzi akacheka mpaka benchi likageuka. "Mimi nasafisha vidonda mwaka wa ishirini na tatu. Unadhani napenda vidonda?"

Binti alitaka kujibu, lakini kutoka kule kwenye benchi mama mmoja akapaza sauti, simu mkononi: "Dada wa kompyuta! We dada wa kompyuta, njoo unisomee huu ujumbe, ni wa mwanangu?"

"Abee!" Binti akaitika, akawa ameshasimama, ameshapiga hatua mbili.

Muuguzi akamshika mkono. "Haya. Ulisema hujaitwa?"

Ijumaa akaenda kwa bosi, akaomba mkataba mpya. Bosi akauliza, "Umeanza kuipenda?" Akasema, "Hapana, bosi. Kalamu iko wapi?"

Wapendwa, sasa nakuja kwetu. Sisi tumelichukua neno wito tukaliharibu. Wito umetoka kwenye kuita. Tangu lini mtu akajiita mwenyewe? Ukimkuta mtu barabarani anajiita jina lake kwa sauti, halafu anajiitikia, si utawatafuta ndugu zake wampeleke hospitali? Lakini ndivyo tunavyofanya. Tunakaa chini, tunapapasa kifua, tunasikiliza kama moyo unawaka, na usipowaka tunasema, Mungu hajaniita. Kumbe anayeita hayumo kifuani mwako. Yuko kwenye benchi, ana mtoto mapajani.

Sisemi kuipenda kazi ni kosa. Ukiipenda, mshukuru Mungu, umebarikiwa mara mbili. Wala sisemi ukae mahali unapoonewa na kudharauliwa. Huko toka, na mimi nitakusaidia kubeba mizigo. Nasema na wewe ambaye kazi yako unaiweza, watu wanaitegemea, na kosa lake ni moja tu, kwamba haikuchekeshi. Wewe dereva, wewe mwalimu wa hesabu, wewe uliyeko kwenye kaunta ya benki, wewe kijana wa kompyuta uliyekaa pale karibu na spika. Wahenga walisema usikatae wito, kataa neno. Maana yake nini? Maana yake kwanza uende! Ufike, umwone aliyekuita, ujue ana shida gani. Ya kupenda au kutopenda utayajua huko huko.

Na kwa kuwa nimeshasema, ngoja nimalizie ubaya wangu. Wiki tatu sasa katibu anatangaza hapa kwamba Shule ya Jumapili inahitaji walimu wawili. Watoto ni arobaini na saba. Mwalimu wao amebaki mmoja, na ni mjamzito wa miezi minane. Nimewafuata watu wanne, mimi mwenyewe, majumbani kwao. Wote wamo humu, na siwatazami. Wote walinipa chai, na wote wakanipa jibu moja, kama waliokaa kikao: "Mchungaji, mimi watoto sina wito nao."

Nimewaelewa. Hamjasikia kitu kifuani. Basi mimi nanyamaza, na kwaya isianze kwanza. Fungueni hayo madirisha ya upande wa kulia.

Hizo kelele mnazozisikia ni za wale watoto arobaini na saba. Mtu aitike.